Kifuniko kunata si ushahidi: akiba ya chakula kwenye chupa na kwenye magunia

Ukitoa chupa ya nyanya kwenye maji ya moto ukaiacha ipoe, baada ya dakika chache kifuniko kitalia "tak" na kubonyea katikati. Wengi wanaojifunza kusindika chakula nyumbani huichukua sauti hiyo kama hati ya usalama. Inachosema ni jambo moja tu: hewa imetoka na kifuniko kimejifunga. Haisemi kama vilivyofungiwa ndani vimekufa au viko hai. Na yuko bakteria mmoja ambaye kumfungia pasipo hewa ni kumpa makao anayoyapenda.

Huyo ni Clostridium botulinum. Anaishi udongoni, kwa hiyo usione ajabu kumkuta kwenye mboga na mazao ya shambani. Hujikinga kwa kugeuka mbegu ngumu, yaani spora, ambayo maji yanayochemka hayaiui hata yakichemka kwa saa kadhaa. Mbegu hiyo ikikuta unyevu, uchachu mdogo, joto la kawaida la chumba na hakuna oksijeni, huchipua na kutoa sumu inayopooza misuli, hadi ile ya kupumulia. Chakula chenye sumu hiyo huweza kuwa hakina harufu mbaya wala povu, na rangi yake ni ile ile.

Kosa la kuamini hewa ni la zamani. Mfaransa Nicolas Appert alichapisha njia yake ya kusindika chakula kwenye chupa mwaka 1810, na mwanakemia Gay-Lussac alipozichunguza chupa hizo alihitimisha kwamba chakula hakiozi kwa sababu oksijeni haimo. Ilibidi zingojewe kazi za Louis Pasteur, nusu karne baadaye, ndipo ieleweke kwamba kinachohifadhi ni joto linaloua vijidudu. Kifuniko ni mlinzi wa mlangoni tu, anazuia wengine wasiingie.

Basi kabla hujagusa chupa, jua chakula chako kiko upande gani wa pH 4.6 (pH ni kipimo cha uchachu: namba ikishuka, uchachu unapanda). Matunda mengi, jemu na achari ya siki viko chini ya hapo. Hivyo ni vichachu, mbegu za botulinum haziwezi kuchipua ndani yake, na maji yanayochemka yanatosha. Maharage, nyama, kuku, samaki, karoti, mahindi mabichi na supu viko juu ya hapo. Hivi vinahitaji nyuzi 116 hadi 121 za Selsiasi, joto ambalo maji hayalifikii ila ndani ya sufuria ya presha. Njia ya katikati haipo. Kuchemsha kwa muda mrefu zaidi hakusaidii, kijiko cha chumvi hakisaidii, wala kugeuza chupa kichwa chini. Oveni nayo ni mbaya pande zote mbili: hewa kavu haipenyezi joto kama maji au mvuke, na chupa zinaweza kupasuka.

Nyanya ndiyo inayohadaa. Ulimi unasema ni chachu, lakini pH yake huchezea mpakani, kuanzia kama 4.3 hadi juu kidogo ya 4.6, kutegemea aina na jinsi ilivyoiva. Ndiyo maana kila chupa huongezewa uchachu: vijiko viwili vya chakula vya juisi ya limau kwa chupa ya mililita 950 (ile ambayo wengi huiita ya lita), au kijiko kimoja kwa chupa ya nusu yake. Juisi iwe ya kununuliwa ikiwa tayari kwenye chupa, maana uchachu wake umesawazishwa. Limau bichi hutofautiana tunda kwa tunda. Ukiwa na asidi ya sitriki, nusu kijiko cha chai kwa chupa kubwa na robo kwa ndogo. Ikiwa ladha itakukera, ongeza sukari kidogo, lakini usipunguze asidi.

Chupa moja kubwa hula kilo 1.25 hadi 1.5 ya nyanya mbichi. Zichovye kwenye maji yanayochemka kwa sekunde 30 hadi 60, kisha kwenye maji baridi, na ganda litatoka lenyewe. Toa kikonyo, kata vipande vinne. Sasa hapa kuna hila ndogo inayofaa kuzingatiwa. Nyanya ikikatwa na kuachwa, vimeng'enya vyake huanza kuvunja pektini (gundi inayoshikilia nyama ya tunda), na wiki mbili baadaye chupa inakuwa na maji chini na nyama ya nyanya ikielea juu. Kwa hiyo chukua sehemu moja ya sita ya nyanya, ziponde ndani ya sufuria iliyo kwenye moto mkali mara tu baada ya kuzikata, koroga mpaka zichemke, ndipo uongeze zilizobaki kidogo kidogo bila kuziponda. Zikishaingia zote, chemsha taratibu dakika 5.

Jaza chupa zikiwa za moto, juisi ya limau ikiwa tayari imo, ukiacha nafasi ya milimita 12 chini ya mdomo. Pitisha kijiti cha mbao au cha plastiki pembeni kutoa mapovu, futa mdomo wa chupa kwa kitambaa safi chenye maji, weka kifuniko kipya, kisha kaza pete (ile ya kuzungusha inayoshika kifuniko) kwa nguvu ya ncha za vidole tu. Watu huikaza kama wanafunga tairi la gari. Hewa inakosa pa kutokea na kifuniko kinajikunja. Chupa zikae juu ya waya au ubao wenye matundu, zisiguse kitako cha sufuria, na maji yazifunike kwa sentimita 2.5 au zaidi. Anza kuhesabu muda pale maji yanapochemka kwa nguvu: dakika 35 kwa chupa ndogo na 45 kwa kubwa, mahali palipo chini ya mita 300 kutoka usawa wa bahari.

Mwinuko si jambo la kupuuzwa. Kila unapopanda mita 300 hivi, maji huchemka kwenye joto pungufu kwa karibu nyuzi 1, kiasi kwamba kwenye mita 1,500 yanachemka kwa nyuzi 95. Nyanya zile zile huko zinahitaji dakika 45 na 55. Ukipita mita 1,830, ni 50 na 60.

Muda ukiisha zima moto, subiri dakika 5, kisha toa chupa zikiwa wima. Usizifute wala kukaza pete upya. Ziache saa 12 hadi 24.

Kwa maharage na nyama, kifaa ni sufuria ya presha ya kusindikia, yenye uwezo wa kubeba angalau chupa kubwa nne zikiwa zimesimama. Ile ndogo ya kupikia mboga haifai hata kama inafikia presha ile ile. Muda uliopimwa kitaalamu umehesabu pia jinsi sufuria kubwa inavyopata moto polepole na kupoa polepole, na sehemu ya mauaji ya bakteria hutokea wakati huo. Sufuria ndogo hupanda na kushuka haraka, na kile ulichodhani ni dakika 75 kamili kinakuwa pungufu.

Maharage makavu gramu 340 yanatosha chupa kubwa moja. Loweka saa 12 hadi 18, mwaga maji hayo, weka mengine, chemsha dakika 30. Jaza maharage pamoja na maji yake ya moto, acha nafasi ya sentimita 2.5. Nasisitiza nafasi hiyo, kwa sababu maharage huendelea kuvimba. Ukishindilia, yatakunywa maji yote na katikati ya chupa patabaki donge kavu ambalo joto halikulifikia sawasawa. Sufuria ya presha haijazwi maji hadi juu: sentimita 5 hadi 8 za maji ya moto chini zinatosha, maana kinachofanya kazi ni mvuke. Funga kifuniko cha sufuria, acha mvuke utoke kwa nguvu dakika 10 nzima kabla ya kuweka uzito kwenye tundu. Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na ndiyo hatari zaidi: hewa iliyobaki ndani huifanya geji isome presha sahihi huku joto likiwa chini ya linalotakiwa.

Kisha ni dakika 75 kwa chupa ndogo, 90 kwa kubwa, iwe ni maharage au vipande vya nyama. Sufuria yenye geji ya mshale inatakiwa isome presha ya pauni 11 (kwa inchi ya mraba) hadi mwinuko wa mita 600, pauni 12 hadi mita 1,200, pauni 13 hadi mita 1,800 na pauni 14 hadi mita 2,400. Ile ya uzito hutumia pauni 10 chini ya mita 300, na 15 popote juu ya hapo. Presha ikishuka chini ya kipimo hata kwa dakika moja, irudishe na uanze kuhesabu upya kutoka sifuri. Inauma ukiwa kwenye dakika ya 80, lakini ndivyo ilivyo. Geji ya mshale ipimwe kila mwaka.

Ukizima moto, iache ishuke yenyewe hadi sifuri. Ukimwagia maji baridi au kuinua uzito ili uwahi, maji ndani ya chupa yatafyonzwa nje, yatabeba mafuta hadi kwenye mdomo, na kifuniko hakitanata. Chupa yenye maji yaliyopungua lakini iliyonata bado inalika, itumie mapema. Chupa isiyonata ndani ya saa 24 isindikwe upya kwa kifuniko kipya na muda kamili, au iende kwenye friji na kuliwa ndani ya siku chache. Chupa iliyokatika kitako ni ya baridi iliyokutana na maji ya moto ghafla. Kuhusu vitu vya kuacha kabisa: supu iliyotiwa unga ili iwe nzito, boga lililopondwa, na kitunguu saumu ndani ya mafuta. Uzito wa viwili vya mwanzo huzuia joto kufika katikati, na mafuta hukifungia kitunguu saumu mahali pasipo hewa wala uchachu.

Hata hivyo, anayejiandaa kwa siku ngumu asianzie kwenye chupa. Uti wa mgongo wa akiba ni chakula kikavu. Mtu mzima huhitaji wastani wa kilokalori 2,100 kwa siku, na hizo hupatikana kwa gramu 400 za nafaka, gramu 100 za maharage, gramu 30 za mafuta na gramu 20 za sukari. Kwa watu watano kwa siku 30, hiyo ni kilo 60 za nafaka, kilo 15 za maharage, lita 5 za mafuta, kilo 3 za sukari na chini ya kilo moja ya chumvi. Andika hesabu hiyo ukutani kabla ya kununua chochote. Chupa ishirini za jemu hazilishi familia.

Adui wa nafaka ni unyevu kwanza, wadudu baadaye. Mahindi yafike chini ya asilimia 13.5. Huna kipimo? Tia nafaka kiganja kimoja kwenye chupa kavu ya kioo pamoja na chumvi iliyokaushwa kikaangoni, tikisa, acha dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu umezidi asilimia 15. Rudisha nafaka juani. Nafaka iliyoota kuvu usiichambue ukala iliyobaki, maana sumukuvu haiondoki kwa kupika. Kwa wadudu, vyombo visivyopitisha hewa vinatosha bila dawa, vikijaa hadi juu: wadudu humaliza oksijeni wenyewe, wakafa. Kiasi kidogo kinaweza kukaa kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa siku 4 hadi 7. Weka nafaka nzima nyingi kuliko unga, kwa sababu unga wa dona huchacha ndani ya miezi michache kutokana na mafuta ya kiini chake.

Hapo ndipo chupa za maharage zinapopata thamani yake. Maharage makavu hula maji na moto mwingi, na vyote viwili vinaweza kukosekana siku ile ile. Yaliyosindikwa yameshaiva. Kwa maji yenyewe, hesabu lita 4 kwa mtu kwa siku kwa kunywa na kupika kidogo. Maji yanayoonekana safi lakini yana shaka hutiwa matone 2 kwa lita ya klorini ya kufulia isiyo na manukato, yenye nguvu ya asilimia 5 hadi 6, na kuachwa dakika 30. Yakiwa yametibuka, chuja kwanza na tia matone 4.

Hifadhi chupa gizani, pakavu, kati ya nyuzi 10 na 21, bila pete. Pete huficha kutu, na hubana kifuniko ambacho kilistahili kufunguka chenyewe chakula kilipoharibika. Andika tarehe juu ya kifuniko, panga mpya nyuma ya za zamani, na ule za mwaka huu kabla ya mwaka kwisha.

Siku ya kufungua, angalia kabla ya kutia mkono: kifuniko kiwe kimebonyea, kisiwe na alama ya kuvuja, na kisirushe maji kikifunguliwa. Chakula kisicho kichachu kichemshe dakika 10 kabla ya kukionja, ukiongeza dakika 1 kwa kila mita 300 za mwinuko, kwa sababu sumu ya botulinum, tofauti na mbegu yake, huharibiwa na maji yanayochemka. Hiyo ni tahadhari ya ziada. Haiwezi kuokoa chupa iliyosindikwa vibaya. Chupa iliyovimba lakini haijavuja ifungwe kwenye mfuko na kutupwa bila kufunguliwa. Iliyovuja ivaliwe glovu, izamishwe na vyote vilivyomo kwenye sufuria ya maji, ichemshwe dakika 30, ndipo itupwe. Meza iliyoguswa ilowanishwe kwa klorini sehemu moja na maji sehemu tano, iachwe dakika 30 kabla ya kufutwa.