Urefu Uliopitia Kwangu

Juzi Mwende alivua viatu, akaja kusimama nami mbele ya kioo cha kabati, mgongo kwa mgongo, akaweka kiganja juu ya kichwa changu na kukisogeza nyuma hadi kikamgota kisogoni. "Nimekupita," akasema. Kisha akageuka. "Mama, nyanya ni mrefu, babu alikuwa mrefu, na mimi narefuka. Mbona wewe ulibaki hapo?"

Nilimjibu kwamba Mungu hugawa apendavyo, nikarudi jikoni. Ila tangu hapo nawaza msitu wa Wytham huko Uingereza, na vifaranga wawili niliowahi kuwashika siku moja ya Mei, mvua ikinichirizika shingoni.

Ya safari na ya ufadhili nayapita. Wakati huo Mwende hajazaliwa, mimi nina baridi na sina kitu mfukoni, na kazi iliyopatikana ilikuwa ya kubeba ngazi msituni na kuchungulia viota.

Wytham iko juu ya kilima, magharibi kidogo ya Oxford, hekta 400 hivi. Mwaka 1947 mtafiti wa ndege David Lack alianza kufuatilia humo ndege wanaotaga katika visanduku vilivyotundikwa mitini, na hadi leo kazi hiyo haijakatika. Visanduku ni zaidi ya 1,000, kila kimoja na namba yake, na kifaranga hufungwa pete mguuni kabla hajaruka. Akirudi mwakani kutaga, anajulikana mama yake ni nani, nyanya yake ni nani, na alianguliwa wapi. Mimi natoka kwa watu wanaoujali ukoo, na bado sijaona daftari la ukoo linalokaribia lile.

Ndege wenyewe ni Parus major, aliyekomaa ana gramu 18 hivi: kichwa cheusi, mashavu meupe, kifua cha manjano kilichogawanywa na mstari mweusi. Nikawaita mashavu-meupe, na nitaendelea kuwaita hivyo. Uzazi wao wote umeegemea viwavi wa kijani, hasa wa nondo mmoja ambaye jike lake haliwezi kuruka. Msimu wa baridi jike hilo hupanda shina la mwaloni kwa miguu likatage juu. Mayai huanguliwa majani yanapochipua, na kwa wiki chache msitu unajaa chakula. Mwaka ukiwa mwema, ukinyamaza chini ya mwaloni unasikia kinyesi cha viwavi kikidondoka juu ya majani makavu. Watafiti hutega trei wakikusanye, maana kwa kukipima wanajua huko juu kuna shibe kiasi gani. Wazazi hurudi kiotani mara mamia kwa siku, kiwavi mdomoni. Mwaka ukiwa mbaya wanaleta buibui, au chochote walichookota.

Mwaka wangu ulikuwa mbaya. Baridi haikutaka kuondoka na mvua haikukatika.

Tulichotaka kujua ni hiki: ndege mkubwa huzaa wakubwa kwa sababu ya damu, au ni kwa sababu wakubwa hujitwalia sehemu zenye viwavi wengi, watoto wakanenepa kwa shibe ya mahali? Ukiitazama familia ikiwa pamoja, huwezi kutenganisha. Kwa hiyo vifaranga wakiwa wachanga kabisa tulipunguza ncha za kucha zao ziwe alama, tukahamisha nusu ya kiota hiki kwenda kile, na ya kile kuja hiki. Mashavu-meupe hawabagui, aliyemo kisandukuni analishwa. Siku ya 15 unarudi na mizani na kalipa, kifaa cha kupimia urefu. Anayefanana na waliomzaa, hiyo ni damu. Anayefanana na aliokula nao, hicho ni chungu, yaani chakula.

Siku ninayoisema tulianza bondeni, penye mialoni minene ya zamani. Yule mama aliyekuwa akinifundisha kazi, mtu wa maneno machache, aliziba tundu kwa kitambaa, akafungua kifuniko, akaniambia niingize mkono taratibu. Mle ndani kuna joto usilolitarajia siku ya mvua. Vifaranga walikuwa wamebanana, manyoya yameshatoka ila kwenye mashina bado yamo ndani ya vifuko vyake. Nikamtoa mmoja wa wale tuliowahamishia pale. Unamlaza mgongo kiganjani, shingo kati ya kidole cha shahada na cha kati, bila kubana. Moyo wake unaupokea kwenye ngozi yako, mbio mbio, hauhesabiki. Kisha unakunja mguu, unarudisha vidole nyuma, unapima mfupa wa muundi tangu kifundo cha juu hadi vidole vinapoanzia. Ngozi ya pale ni ya kijivu inayoelekea buluu, yenye magamba membamba yaliyopangwa sawasawa, na kifaranga anapotulia unaona ukucha ule mmoja uliokatwa ncha.

Nikasoma kipimo, mwenzangu akaandika. Tukamtia katika mfuko wa kitambaa, tukauning'iniza kwenye mizani, sindano ikasimama karibu na gramu 19. Huo ni uzito wa matumaini. Tangu miaka ya 1960 mtafiti Christopher Perrins alikwisha kuonyesha, humo humo Wytham, kwamba kifaranga anayetoka kiotani na uzito mzuri ndiye mwenye nafasi kubwa zaidi ya kuishi.

Tukapanda hadi ukingoni mwa msitu, kwenye kisanduku alikotolewa. Mialoni pale ni michache na myembamba. Wawili tuliwakuta wamekufa, wamekanyagwa chini na wenzao. Nikamtoa mmoja wa waliobaki, wa baba mmoja na mama mmoja na yule wa bondeni, ukucha wake mzima. Hakupiga kelele. Mizani ilisema chini ya gramu 15, na hilo halikunishangaza, njaa inaonekana kwa macho. Kilichonishangaza ni mguu. Ulikuwa mfupi kuliko wa nduguye kwa zaidi ya milimita moja. Nikapima tena. Nikampa mwenzangu, akapima mwenyewe, akapata kile kile.

"Uzito akipata chakula ataurudisha kidogo," akasema, macho kwenye daftari. "Mfupa hapana. Huo umeshamaliza kukua."

Alikuwa anasema habari za ndege tu. Mimi nilibaki nimemshika yule kifaranga muda mrefu kuliko ilivyotakiwa, nikiwaza unga wa njano.

Nilizaliwa Kitui mwaka 1982. Mwaka 1984 mvua ilikosekana, na mahindi yaliyotufikia yalikuwa yale ya njano yaliyotoka Marekani. Mimi siyakumbuki, nimesimuliwa: jinsi mama alivyokuwa akiondoka alfajiri kwenda kupanga foleni, na jinsi uji ulivyoongezwa maji. Dada yangu aliyenitangulia ni mrefu. Musyoka, aliyezaliwa njaa imekwisha, huinama mlangoni.

Vifaranga wawili si ushahidi, hilo nalijua. Huenda yule wa bondeni alikuwa dume, na madume huwazidi majike kwa umbo. Ndiyo sababu ya visanduku vyote vile na miaka yote ile. Lakini vipimo vilivyokusanywa Ulaya vinaonyesha jambo ambalo halijaniacha. Urefu wa muundi hurithiwa kwa nguvu, kiasi cha nusu hivi ya tofauti baina ya ndege na ndege ni ya jeni, yaani chembe za urithi. Ila kiwango hicho hakikai mahali pamoja. Katika miaka ya 1990, uchunguzi wa mashavu-meupe, na wa ndege wengine wadogo wa kisiwa cha Gotland huko Uswidi, ulionyesha kwamba chakula kikiwa haba urithi unaonekana kidogo zaidi: mtoto hafanani tena sana na wazazi wake. Jeni za ukubwa bado zimo, zimekosa cha kujengea.

Usiku ule nilisoma makala ya Juha Merilä, Loeske Kruuk na Ben Sheldon, iliyotoka katika jarida la Nature mwaka 2001, kuhusu ndege hao hao wa Gotland, ambao baridi ikianza huja kwetu Afrika, kusini ya ikweta. Vifaranga walionona ndio waliokuwa wakiokoka, na unono huo unarithiwa. Ungetegemea vizazi viwe vinanona. Badala yake vilikuwa vinakonda. Walipotenganisha kwa hesabu kilicho cha damu na kilicho cha mazingira, wakakuta damu imepanda kweli kweli, lakini mazingira yalikuwa yakiharibika na kuifunika. Yaani ndege mwembamba anaweza kuwa amebeba unono ambao yeye mwenyewe hakuwahi kuuona, akawapa watoto wake.

Hilo ndilo ninalotaka kumwambia Mwende. Kwamba kimo chake si cha baba yake peke yake. Kwamba kimepita kwangu kikitoka kwa nyanya yake, na mwili wangu ulikipitisha bila kukionyesha.

Nasita, kwa sababu mbili. Kwanza, sijui kama ni kweli. Kwa watu waliolishwa vizuri husemwa kwamba asilimia 80 hivi ya tofauti za kimo ni za jeni, lakini hesabu hiyo ni ya umati, haimfasiri mtu mmoja. Sina pacha aliyehamishiwa bondeni penye mialoni, nikapima mguu wangu na wake. Pili, nikisema ni njaa, nitakuwa nimesema nini juu ya mwanamke aliyekuwa akiondoka alfajiri?

Jana nilimpigia simu. Tulianza na habari za ng'ombe na goti lake, halafu nikamuuliza kama niliyekumbuka tu: nilipokuwa mchanga nilikuwa mtoto wa namna gani, mkubwa ama mdogo?

"Ulizaliwa mdogo," akasema, hata hakufikiri. "Mdogo kabla ya ile njaa. Wewe umemfuata shangazi yake baba yako, Wayua, yule wa Mutomo. Alikuwa mfupi vile vile, hata mwendo ni wako."

Nilisikia wepesi katika sauti yake, ama ni mimi niliyeutaka. Kama ni Wayua basi ni damu, na hakuna aliyeshindwa kunilisha.

Nikamuuliza huyo Wayua alizaliwa mwaka gani.

"Mwaka nani aliandika?" akasema mama. "Alizaliwa wakati wa njaa, ile ya zamani."