Jua dogo sakafuni

Jumatano kwenye darasa letu la filamu tulionyeshwa Arnulf Rainer, filamu ya Peter Kubelka wa Austria, ya mwaka 1960. Haina mtu, haina mtaa, haina hadithi. Ina fremu (picha moja moja za mkanda) nyeupe na fremu nyeusi, kelele na ukimya, basi. Fremu 9,216 zinapita kwa kasi ya 24 kwa sekunde, kwa hiyo yote inakwisha ndani ya dakika 6 na sekunde 24. Haikuchukua muda nikaanza kuona rangi ambazo hazimo kwenye mkanda, kijani kidogo katikati na zambarau pembeni, nikajua ni macho yangu mwenyewe yanazitengeneza. Mwenzetu mmoja wa viti vya nyuma akasema, "Sasa hii si umeme unakatika tu?" Darasa zima likacheka. Mimi kauli yake imenikaa kichwani wiki nzima, maana naona alisema kweli kuliko alivyokusudia.

Umeme ukikatika hapa Dar, hauondoki mwanga tu giza likaingia. Sauti nayo inakwenda. Friji inanyamaza, feni inazunguka kwa uvivu mpaka inasimama, na ule mvumo wa chini ambao hukujua kama ulikuwa unausikia unatoweka, ndipo unasikia watu wa nyumba ya pili wanavyoongea. Umeme wetu huenda na kurudi mara 50 kila sekunde. Taa za tyubu za kizamani humeta mara 100 kwa sekunde kwa sababu hiyo, na transfoma ya mtaani inanguruma kwa mwendo huohuo. Macho hayaoni kumeta huko, kamera inaona. Rekodi kwa simu ndani ya duka lenye taa hizo pale Kariakoo, kwa fremu 30, utaona mistari myeusi inatambaa juu ya picha. Weka fremu 25 na shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) ya 1/50 ya sekunde, inatulia. Sisi tunafundishwa kuifuta kama doa. Kubelka alichukua huko kumeta akakufanya ndiyo filamu yenyewe.

Kwa hiyo siwezi kukubaliana na wanaosema sinema za majaribio, kama hiyo ya Kubelka, ni mambo ya watu wa mbali wenye muda wa kupoteza. Naomba nieleze kwa kutumia kibanda umiza, ukumbi mdogo wa mtaani wa kuonyeshea filamu na mpira.

Kuna kimoja Tandika ambacho nimekuwa nikienda tangu nasoma sekondari. Kuta za mbao na maturubai meusi, mabenchi, tivii juu ya kabati, spika mbili. Paa ni mabati ya mitumba, na mabati ya mitumba yana matundu ya misumari ya nyumba yalikotoka. Mwenye kibanda ameziba mengi kwa lami na mifuko, ila hawezi kuyamaliza. Mchana, watu wote wakiwa wanaangalia mbele, sakafuni kuna viduara vya mwanga. Nilivichunguza mwezi uliopita wakati filamu ya Kihindi inaendelea. Matundu yenyewe yako hovyo, jingine limechanika, jingine kama pembetatu, lakini chini vyote vimetoka duara. Vipimo vyake ni kama sentimita mbili na kidogo, kwa paa lenye kimo cha mita mbili na nusu hivi. Na vinasogea! Karibu sentimita moja kwa dakika. Ukiweka njiti ya kiberiti kwenye ukingo wa duara, dakika mbili hazipiti kabla njiti haijamezwa na mwanga au kuachwa kivulini.

Viduara hivyo ni picha za jua. Tundu dogo likiwa juu vya kutosha halichori umbo lake, linachora umbo la chanzo cha mwanga. Mwanasayansi Ibn al-Haytham aliandika habari hizi huko Misri katika karne ya 11, alipoeleza jinsi jua lililopatwa linavyoonekana likipita kwenye tundu. Sisi tuliliona tarehe 1 Septemba 2016, siku jua lilipopatwa. Kule Rujewa, Mbeya, watu waliona pete kamili. Hapa Dar lilimegwa tu, lakini lilimegwa sana, na chini ya mwembe wa shule yetu kila kidoa cha mwanga kilichopenya kwenye majani kiligeuka kuwa mwezi mwandamo, mamia kwa mamia, juu ya mchanga na juu ya mashati yetu. Nadhani ile ndiyo filamu ya kwanza kunishika.

Sasa fikiria hicho kibanda. Mbele kuna tivii inayoonyesha watu wanapigana. Chini, miguuni mwa watazamaji, jua lenyewe linaonyeshwa moja kwa moja, picha kadhaa kwa wakati mmoja, na hakuna aliyelipia. Wingu likipita zinafifia zote pamoja kisha zinarudi. Nimeangalia kazi nyingi za nje mwaka huu, na chache zimenipa kitu kikubwa kuliko hicho.

Kuhusu sauti nabishana na Stan Brakhage, mtengenezaji filamu wa Marekani, ingawa nampenda. Mwaka 1963 alibandika mbawa za nondo, majani na maua katikati ya mikanda miwili inayopitisha mwanga, akapata Mothlight bila kutumia kamera hata kidogo. Ni kimya kabisa, kama filamu zake nyingi. Aliamini sauti inayapokonya macho kazi yake. Aliyekulia kwenye kibanda umiza hawezi kuamini hivyo. Sisi tumezoea kuona sauti na picha zikiwa vitu viwili vilivyotoka sehemu mbili. Mtafsiri anakaa na maikrofoni yake, anaishusha sauti ya filamu, anaingia na yake: anawapa majina mapya watu wa Hong Kong, anatoa onyo, anamweleza mama aliyechelewa kuingia nini kimetokea. Lufufu aliifanya kazi hiyo mpaka jina lake likawa kubwa kuliko la filamu anazotafsiri. Wajapani nao, enzi za sinema bubu, walikuwa na benshi, wasimulizi waliosimama pembeni ya pazia, na watu walikuwa wakienda kwa ajili ya msimulizi. Hayo ni majaribio ya sauti kwa kiwango cha juu, yamefanyika mtaani kwetu kila jioni, na hakuna silabasi niliyoiona inayoyataja. Hilo linaniuma.

Halafu kuna mvua. Masika ikipiga kwenye mabati, mtafsiri anapandisha sauti, kisha anapandisha tena, kisha anakata tamaa, na kwa dakika kadhaa watu wanaangalia midomo inachezacheza ndani ya kelele moja kubwa. Kelele ya Kubelka ndiyo hiyo: masafa yote ya sauti yakiwa yamechanganyika, vile mwanga mweupe ulivyobeba rangi zote. Nilipoisikia darasani sikuwaza Vienna, mji wa Kubelka. Niliwaza Aprili.

Nimeamua kazi yangu ya mwisho wa mwaka itafanyika ndani ya kibanda hicho. Dar iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, hivyo jua linapita utosini mara mbili kwa mwaka, mapema Machi na tena kwenye siku za Oktoba 10. Oktoba nitaipata. Jua likiwa pembeni viduara vinavutika kuwa mayai. Likiwa utosini ni mviringo safi. Kamera itakaa kwenye stendi, itaangalia sakafu tu, duara moja liingie upande mmoja wa fremu litoke upande wa pili. Michael Snow, mtengenezaji filamu wa Kanada, mwaka 1967 alitumia filamu ya dakika 45 kukisogelea kipande cha ukuta wa chumba huko New York, huku mlio mmoja ukipanda kutoka mizunguko 50 kwa sekunde hadi 12,000. Kwa hiyo duara langu kukaa dakika arobaini na ushee kuvuka nusu mita ya sakafu si mwendo wa kumtisha mtu.

Ninachobishana nacho bado ni sauti. Mpango wa kwanza ulikuwa mvumo wa spika peke yake. Leo mchana nimempigia mtafsiri, nikamwamkia, nikamweleza, akaniuliza, "Sasa mdogo wangu, hilo jua linasema nini?" Nikamwambia ndicho ninachotaka yeye aseme. Akanyamaza kidogo, akauliza jua lenyewe ni mwanamume au mwanamke, maana lazima ajue sauti ya kutumia. Tumekubaliana Jumatatu asubuhi, siku isiyo na mpira, aje aliangalie kwanza kabla hajachagua.