Precision na Jazz: Besi Mbili Mkononi Mwangu

Kwa mwezi mzima nimekuwa nikipiga kwa zamu magitaa mawili ya besi ya kampuni ya Fender, Precision na Jazz, kwa amplifaya ileile na nyuzi za unene uleule, nisije nikaisifu besi kwa kazi ya vifaa vingine. Urefu wa nyuzi zake pia ni mmoja, inchi 34, kwa hiyo tofauti ninazozisikia zinatoka kwingine.

Precision, iliyotoka mwaka 1951 na kupewa pikapu (kifaa cha sumaku kinachonasa mtetemo wa nyuzi) ya vipande viwili mwaka 1957, ina sauti nene ya katikati isiyomezwa na ngoma. James Jamerson, mpiga besi wa kampuni ya muziki ya Motown, aliipiga kwa nyuzi zilizozungushiwa utepe bapa, na nilipozijaribu nyuzi za aina hiyo nilielewa kwa nini: kila noti inagota, kisha inazima upesi na kumwachia mwimbaji nafasi.

Jazz ilikuja mwaka 1960. Shingo yake, yenye upana wa takriban milimita 38 karibu na kichwa, inaufaa mkono wangu mdogo. Nikiiachia pikapu ya nyuma peke yake, sauti inakuwa kavu, kama ya mtu anayesemea puani, na mngurumo wa umeme unasikika; nikizifungua zote mbili sawasawa, mngurumo unapotea. Kwa mazoezi ya nyumbani nachagua Jazz bila kusita, ila jukwaani, ambako kinanda na magitaa hugombea masafa yaleyale, bado naibeba Precision.