Mbona ana namba?

Leo siku ya tano tangu turudi, na swali la mama bado limenikaa kooni.

Nilimtumia picha moja tu. Katika zote nilizopiga kwenye makorongo ya Arizona na Utah, nilimchagulia ile ya kondori wa California, ndege mkubwa mla mizoga, maana nilimvizia tangu alfajiri pale Navajo Bridge, kwenye daraja kuukuu la 1929 ambalo sasa limeachiwa waendao kwa miguu. Ukisimama katikati, Mto Colorado uko chini yako mita 140 hivi, na ndege wanapita chini ya miguu yako, kwa hiyo unawapiga picha mgongoni. Huyu alichomoka kwenye vyuma vya daraja, akakunjua mbawa zake za karibu mita tatu, akaelea bila kupiga bawa hata mara moja. Niliusikia upepo ukichana manyoya yake.

Mama akapiga simu palepale.

"Huyu ndege ni wa nani?"

"Si wa mtu, mama. Ni wa mwituni."

"Wa mwituni, mbona ana namba?"

Nikamwambia nitampigia baadaye, Neema analia. Neema alikuwa amelala fofofo.

Kwa nini nilimdanganya mama yangu? Kwa sababu asubuhi nzima nilikuwa nahangaika na ile namba. Nilihama upande huu na ule wa daraja nipate pembe ambayo kile kipande cha plastiki bawani hakitaonekana. Nilitaka jangwa tupu na ndege wake. Mama aliona kwa jicho moja kitu nilichokuwa nakikimbia.

Kaka ameposa, nami nimehamishiwa zamu ya asubuhi, lakini kichwani ni "mbona ana namba" tu. Naosha vyombo namjibu. Mama, mwaka 1982 walibaki 22 tu duniani. Mwaka 1987 alikamatwa wa mwisho, mwituni hakukuwa na hata mmoja. Wakazalishwa kwenye vizimba, na mwaka 1996 wakaanza kuachiwa Vermilion Cliffs, si mbali na daraja lile. Hata sasa wanakula mizoga iliyoachwa na wawindaji, wanameza na vipande vya risasi, sumu inaingia kwenye damu. Kwa hiyo wanakamatwa, wanapimwa, wanatibiwa, wanarudishwa angani. Bila namba utajuaje nani alipimwa na nani hajaonekana?

Jana kazini hospitalini nilikuwa namfunga bibi mmoja utepe wa jina mkononi, mkono wangu ukasita. Miaka yote hii nafunga tepe hizi, na sijawahi kuona kwamba zinampunguzia mtu chochote.

Nikarudi nyumbani nikaifungua picha, nikaikuza. Kile kipande kimeng'atwa pembeni, nadhani kwa mdomo wake mwenyewe. Chini yake manyoya yamelala sawasawa, meusi ti, yana vumbi jekundu kidogo. Sasa ndiyo picha ninayoipenda kuliko zote, kuliko hata za Zion, ile hifadhi ya taifa ya Utah, ambako miamba kadhaa ilifungwa kwa wakweaji ili kozi waatamie kwa amani. Jumapili nitampigia mama nimweleze yote, tangu wale 22.

Gari nalo, tangu Zion linalia upande wa kushoto kila tukikata kona. Baba Neema anasema ni breki. Mimi naona ni kitu kikubwa zaidi, na keshokutwa natakiwa niwe barabarani saa kumi na moja alfajiri.