Kiti cha Baisikeli, Hell's Gate

Sisi watu wa Mombasa tukienda Nairobi huishia kwa ndugu: tutakula, tutapigwa na baridi, turudi kwetu. Safari hii kaka yangu alikataa. Jumamosi, alisema, tunakwenda Hell's Gate kule Naivasha, Mama akaone mawe ambayo Kisauni hayapo. Mama akauliza kama mawe hayo yanaliwa, kisha akaamkia jikoni kukaanga mahamri ya kutosha arusi.

Ya njiani siyajui, nililala hadi Naivasha.

Mbuga hii ni ndogo, kilomita za mraba 68 hivi, na imekuwa hifadhi tangu 1984. Wanyama wakali ni nadra kuonekana, ndiyo maana mtu huruhusiwa kutembea kwa miguu au kupanda baisikeli akapita kando ya punda milia na ngiri. Hilo la baisikeli ndilo lililoniponza.

Kabla ya kufika langoni vijana wamezipanga baisikeli kando ya barabara, zimepanguswa zinang'aa. Mmoja akaniletea nyekundu. "Hii mpya, mkubwa. Imefika juzi." Shilingi 700 kwa siku, na kitambulisho changu abaki nacho. Kaka alinikonyeza nipunguze bei. Nikaona haya kubishania mia mbili mbele ya wanangu, nikalipa. Wanangu, Mwanaisha na Athumani, walipata ndogo zao kwa bei ya kikubwa vilevile. Mama na shemeji wakabaki garini na mahamri.

Mwanzo ulikuwa raha tupu. Majabali mekundu yamesimama huku na huku kama kuta za ngome iliyobomoka, na njia ni tambarare. Tulipumzika chini ya Fischer's Tower, jiwe la mita 25 hivi lililosimama peke yake. Ni uji wa volkano ulioganda kooni mwa mlima, halafu mlima wenyewe ukaliwa na mvua na upepo, koo likabaki. Limepewa jina la Gustav Fischer, Mjerumani aliyepita hapa mwaka 1883. Pimbi walikuwa wameota jua juu ya mawe, wakitutazama kwa dharau ya wenye nyumba.

Kiongozi wetu akatusimulia ya Wamaasai: huyo ni bibi arusi. Aliambiwa akiondoka kwao asigeuke nyuma. Akageuka kuitazama boma yao mara ya mwisho, akawa jiwe.

Mama alikuwa ameshuka garini na leso yake mabegani. Alilitazama lile jiwe kwa muda.

"Mie nilitazama nyuma tangu bandarini Lamu mpaka Mokowe," alisema. "Baba yenu alinishika kichwa kunigeuza, sikukubali." Akafunua kikapu, akampa kiongozi mahamri mawili. Miaka yote hiyo, sikuwahi kumsikia akieleza siku aliyoiacha Lamu. Nilitaka kumuuliza zaidi, lakini alikwisha kuanza kulaumu chai ya chupa kwamba imepoa.

Tukaendelea. Nilihisi magoti yangu yanapanda. Nikafikiri nimechoka. Baada ya mita mia tano hivi Athumani akapiga kelele, "Baba, unazama!" Kweli. Kiti kilikuwa kikishuka taratibu, kidole kwa kidole, hadi nikawa nimekunjana kama mtu aliyekalia kibao cha mbuzi. Nikashuka, nikakivuta juu, nikapanda. Kikashuka. Nilipochungulia chini nikakuta nati haipo. Mahali pake pamefungwa kipande cha tyubu kwa mafundo matatu, kikapakwa rangi nyekundu kisionekane. Ufundi huo niliusifu kwa uchungu.

Kabla hatujafika korongoni cheni nayo ikakatika. Nikaisukuma baisikeli kwa miguu juani, twiga wawili wakinisindikiza kwa macho, wanangu wakipita na kurudi kunihesabia muda.

Korongoni tulishuka kidogo tu. Maji ya moto yalikuwa yakichuruzika ukutani, Mwanaisha akatia kidole akakitoa mbio. Kiongozi alitazama wingu lililokuwa likijikusanya mbali, juu ya vilima, akasema tupande. Kwetu jua lilikuwa kali. Lakini mvua ya kule juu huteremka humu ghafla. Mafuriko yalichukua watu mwaka 2012 na tena 2019. Athumani alinuna. Mama, mtu wa pwani, alikwisha kushika njia ya kupanda.

Tukiwa juu tuliona mvuke mweupe wa Olkaria, unaochimbwa ardhini kuzalisha umeme. Mama akauliza kama huo ndio tunaonunulia tokeni. Nikamwambia umo. "Mvuke wa bure wa Mungu," akasema, na tokeni zetu zinaisha kabla ya wiki!

Jioni nilimrudishia kijana baisikeli yake, nimeibeba begani nusu ya njia. Hakutoa kitambulisho. Aliinama akakagua cheni, akapapasa kiti, akatikisa kichwa kwa huzuni kama daktari.

"Mkubwa, ulipoichukua kiti kilikuwa juu."

Nililipa mia tatu nyingine.