Siku Baba Alipoingia Themanini

Mwaka 2009 baba yangu alikuwa amecheza gofu kwa miaka mingi bila kumaliza mashimo 18 kwa mikwaju iliyo chini ya 90. Alijifunza mchezo huo Nairobi alipokuwa mhasibu, na alipohamia Mombasa akajiunga na Mombasa Golf Club, uwanja wa mashimo 9 ulio kando ya bahari karibu na kivuko cha Likoni, ambao wachezaji huuzunguka mara mbili ili kutimiza 18. Kadi zake zote alizihifadhi nyumbani, na jumla zake zilikuwa zikifanana mno: 96, 94, 99, 95. Ninachokikumbuka hapa ni mzunguko wa Jumamosi moja ya mwezi wa Julai mwaka huo, ambao niliutembea wote nikiwa nimembebea mfuko wa fimbo, na ambao ulinionyesha jinsi mchezaji wa kawaida anavyoweza kupunguza mikwaju bila kuongeza nguvu wala kununua fimbo mpya.

Maandalizi ya siku ile yalikuwa yameanza miezi kadhaa nyuma. Baba aliamini, kama wanavyoamini wengi wanaocheza mwishoni mwa wiki, kwamba kasoro yake ilikuwa kwenye mkwaju wa kwanza, ule wa fimbo kubwa, kwa kuwa vijana walikuwa wakimpita mbali sana. Mwalimu wa gofu aliyemwendea hakubishana naye. Alimwambia tu, "Mzee, kabla sijakugusa mkono, niandikie kila mzunguko mambo matatu: mikwaju ya adhabu, mikwaju unayopiga ukiwa ndani ya mita 50 kabla ya kufika kwenye grini, yale majani mafupi yanayozunguka tundu, na mara unazousukuma mpira ukiwa juu ya grini." Kazi ya kuandika nilikabidhiwa mimi, nami niliifanya kwa bidii kwa sababu nilipenda kumwona baba akilifikiria jambo kwa utulivu.

Takwimu zile zilisema wazi kile ambacho macho hayakuwa yakikiona. Katika mzunguko wa 95, misukumo ya kwenye grini peke yake ilifika 40, na adhabu za mipira iliyopotea au kutoka nje ya mipaka zilikuwa zimekula mingine 6. Mkwaju wa kwanza uliokuwa mfupi haukumgharimu karibu chochote. Uliomgharimu ni ule uliopinda kulia ukavuka vijiti vyeupe vya mpaka, kwa kuwa sheria inamtaka mchezaji aongeze mkwaju mmoja wa adhabu na kurudi kupiga palepale alipopigia mwanzo. Ndipo mwalimu alipomfundisha hesabu ambayo mpaka leo naiona kuwa ndiyo msingi wa yote: 90 ni mashimo 18 mara 5. Anayepata 5 kila shimo amefika 90, na akipata 4 mahali pamoja tu, ameingia themanini. Kwa hiyo baba aliambiwa asahau kwamba shimo fulani limewekewa mikwaju 4, alichukulie kuwa ni la mikwaju 5, na kwa kuwa ana mkwaju mmoja wa akiba, asiwe na sababu yoyote ya kujaribu lisilowezekana.

Mazoezi yakabadilika. Badala ya kumaliza ndoo nzima ya mipira kwa fimbo kubwa, jioni nyingi tulizitumia pembeni mwa grini ya mazoezi. Aliweka mipira mitatu umbali wa hatua kumi na mbili, akaisukuma bila kujali kama itaingia, akitaka tu kila mmoja usimame ndani ya mita moja kutoka kwenye tundu. Mwalimu alikuwa ameeleza kwamba kutoka mbali hivyo anayekosea mwelekeo hukosea kidogo, bali anayekosea nguvu ya msukumo hujiachia mita 3 nyingine, na hapo ndipo msukumo wa tatu unapozaliwa. Jambo lililomtuliza baba zaidi lilikuwa kuambiwa kwamba hata wachezaji wa kulipwa wa Marekani huingiza takribani nusu tu ya misukumo ya futi 8. Mtu anayelijua hilo haendi kwenye shimo linalofuata akiwa na hasira kwa sababu mpira wa futi 8 umepita ukingoni mwa tundu lenye kipenyo cha milimita 108, na hasira hiyo, nimeona mara nyingi, ndiyo inayoharibu mashimo mawili yanayofuata.

Asubuhi ya Jumamosi ile kusi ilikuwa ikivuma kwa nguvu kutoka baharini, na meli moja ya makontena ilikuwa ikiingia taratibu kuelekea Kilindini. Baba alicheza mashindanoni na wenzake wawili, daktari mmoja na mfanyabiashara wa vipuri, watu wakarimu ambao hata hivyo hawakuruhusiwa kumshauri lolote kuhusu fimbo au namna ya kupiga, kwa kuwa sheria za mashindano humruhusu mchezaji kupokea ushauri wa kedi wake tu, yaani anayembebea fimbo. Kedi wake nilikuwa mimi. Tulikuwa tumekubaliana tangu nyumbani kwamba nitamtajia umbali na upepo, na kwamba sitamtajia jumla yake mpaka mwisho.

Suala la umbali lilihitaji uangalifu wa pekee, kwani baba alikuwa bado anabeba kichwani vipimo vya Nairobi. Jiji lile liko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi na mpira husafiri mbali zaidi kwa karibu sehemu moja ya kumi kuliko usawa wa bahari. Fimbo yake namba 7 iliyokuwa ikifika mita 130 kule, kwetu ilifika 118 hivi. Tulikuwa tumeipima upya kila fimbo, nikaandika vipimo kwenye kipande cha karatasi nilichokiweka mfukoni, na kila tulipoufikia mpira nilimtajia umbali wa katikati ya grini, kamwe si umbali wa bendera. Bendera ikiwekwa mbele, nyuma ya banka (kishimo cha mchanga), anayeilenga akapiga vibaya kidogo huangukia mchangani. Anayelenga katikati, akipiga vibaya vilevile, bado huwa kwenye majani mafupi.

Mashimo yaliyoelekea baharini ndiyo yaliyonipa hofu. Kwenye mojawapo, upepo ukimpiga usoni, nilimpa namba 5 mahali ambapo siku tulivu angetumia namba 7. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, una hakika?" Nikamjibu, "Ndiyo, Baba, na upige polepole." Mtu anayekabili upepo hushawishika kupiga kwa nguvu, lakini nguvu huongeza mzunguko wa mpira, mzunguko huuinua juu, na upepo huurudisha nyuma au kuutupa pembeni. Baba alishika fimbo chini kidogo kuliko kawaida, akauweka mpira karibu zaidi na mguu wa kulia, akamaliza mkwaju mikono ikiwa kifuani tu. Mpira uliruka chini, ukatua mbele ya grini, ukajiviringisha hadi juu yake. Akasukuma mara mbili, akaandikiwa 4.

Lakini mkwaju ninaoupenda kuliko yote ya siku ile haukuwa ule. Ulikuwa kwenye mzunguko wa pili, mahali ambapo mpira wake ulisimama karibu na mbuyu, kwenye ardhi kavu isiyo na majani, hatua kama ishirini kutoka ukingoni mwa grini. Wachezaji wengi hapo huchukua weji, fimbo yenye uso uliolala sana, ili waurushe mpira juu, nao ama huchimba ardhi mpira ukasogea hatua mbili, ama huupiga tumboni ukavuka grini nzima. Baba alinyoosha mkono na kuomba namba 8. Alisimama miguu ikiwa imekaribiana, uzito wake mwingi ukiwa kwenye mguu wa kushoto, mikono ikitangulia mbele ya mpira, akaupiga kwa mwendo uleule wa msukumo wa kwenye grini bila kukunja viwiko. Mpira uliruka sehemu ndogo tu ya safari yake, ukagusa chini pale alipokuwa ameniambia utagusa, kisha ukatambaa juu ya mwinuko na kusimama mita moja na nusu kutoka kwenye tundu. Daktari alipiga makofi. Nilikwenda kuishika bendera na kuiondoa kabla mpira haujafika, kwa kuwa wakati ule, kabla ya mabadiliko ya sheria ya mwaka 2019, mpira uliosukumwa juu ya grini ukiigonga bendera ulimletea mchezaji adhabu. Baba akasukuma, mpira ukaingia. Lilikuwa shimo ambalo kadi za zamani zilionyesha 6 au 7 mara kwa mara, na sasa alitoka na 4.

Kwenye shimo lenye vijiti vyeupe upande wa kulia aliiacha fimbo kubwa mfukoni, akaanza na namba 5, akafuatisha namba 5 nyingine, akafika kwenye grini kwa mkwaju wa tatu na kuondoka na 5 yake bila wasiwasi. Wenzake wote wawili walitumia fimbo kubwa. Mmoja alifanikiwa vizuri sana, mwingine akapiga tena kutoka mwanzo. Mashimo mengine hayana la kusimulia, na nadhani huo ndio uzuri wake: 5, 5, 4, 5, mtu anatembea, anapiga, anatembea tena. Shimo moja tu lilimponyoka, pale mpira ulipotua kwenye banka. Ilimchukua mara tatu kuutoa mchangani, akaandikiwa 7. Nilimtazama usoni nikihofu kwamba uzi umekatika, lakini alisafisha nyayo zake kwa reki, akanywa maji, na kwenye shimo lililofuata akafanya utaratibu wake uleule: kusimama nyuma ya mpira, kuchagua alama chini hatua moja mbele, kuvuta pumzi, kupiga.

Tulipomaliza, mfanyabiashara wa vipuri, aliyekuwa ameandika kadi ya baba, alimsomea shimo baada ya shimo, naye baba akalinganisha na kumbukumbu yake kabla ya kutia sahihi. Alikuwa makini, kwa kuwa kamati hujumlisha yenyewe, lakini mchezaji ndiye mwenye dhamana juu ya tarakimu ya kila shimo, na akitia sahihi tarakimu iliyo chini ya ile aliyopiga, huondolewa mashindanoni. Nusu ya kwanza ilikuwa 44, nusu ya pili 44. Aliitazama ile 88 kwa muda, akanikabidhi kadi na kuniomba nihesabu misukumo. Ilikuwa 32, na adhabu haikuwepo hata moja. Mkwaju wake wa mbali zaidi siku ile haukupita ule wa siku alizopata 95. Hakushinda kikombe, kwa kuwa kijana mmoja wa handikapu kubwa, yaani anayepunguziwa mikwaju mingi kwenye jumla yake, alikuwa amecheza vizuri ajabu, lakini daktari alimkumbatia kama aliyeshinda.

Njiani kurudi nyumbani hakuizungumzia ile 88. Alizungumzia ile 7. Jumatatu jioni alimwita mwalimu, tukaenda wote watatu kwenye banka ya mazoezi, na mwalimu akachora mstari mrefu mchangani kwa ncha ya fimbo. Alimwambia baba aufungue uso wa weji, azamishe viatu kidogo ili asiteleze, kisha aupige mstari ule bila mpira wowote, akitembea kando yake pigo baada ya pigo, mpaka mchanga uwe unaruka kutoka mahali pamoja kila mara. Mpira, alisema, ungewekwa baadaye, inchi 2 mbele ya mstari, kwa sababu kwenye banka fimbo hupiga mchanga na mchanga ndio unaoubeba mpira. Baba alikunja mikono ya shati akaanza.