Gauni jeupe na taa za gesi

Jumapili, usiku

Kuna barua fupi iliyoandikwa Paris mwaka 1860 ambayo wiki nzima hii imegoma kunitoka kichwani. Mwandishi wake ni Emma Livry, nyota wa baleti katika jumba la Opera la Paris, binti ambaye hakuwa hata na miaka ishirini. Alimwarifu mkurugenzi wake kwamba maonyesho ya kwanza ya kila baleti atayacheza na sketi yake ya kawaida, na likitokea la kutokea, dhamana ni yake mwenyewe.

Mwaka mmoja kabla, serikali ya Ufaransa chini ya Napoleon III ilikuwa imeagiza mavazi na mapazia ya jukwaani yatiwe dawa ya kuzuia moto. Dawa yenyewe, kazi ya mtu aitwaye Carteron, ilikuwa na shabi ndani yake. Kitambaa kikishachovywa humo hakishiki moto kirahisi, lakini kinakakamaa na weupe wake unafifia. Wacheza baleti wakaikataa.

Mimi nashona magauni ya harusi, kwa hiyo ninaposoma habari kama hii mkono ndio unaoelewa kwanza. Najua neti iliyokakamaa inavyokataa kuanguka. Najua pia bibi harusi anavyojitazama kwenye kioo gauni likimkaa kama boksi: hasemi kitu, ila macho yanamwambia fundi kila kitu. Na huyo atalivaa siku moja tu, akitembea taratibu. Livry alipaswa kuruka, na watazamaji waamini kwamba hana uzito.

Aliyewazoesha watu wa Paris kudai hivyo alikuwa Marie Taglioni. Mwezi Machi 1832 alitokea katika La Sylphide, baleti iliyotungwa na baba yake Filippo, akiwa amevaa bodi iliyombana na sketi ya melimeli nyeupe, tabaka juu ya tabaka, iliyoshuka hadi chini ya magoti. Alisimama juu ya ncha za vidole vya miguu kana kwamba sakafu haimhusu. Nusu ya uchawi ule, nadhani, ilikuwa ya taa. Jumba la Opera la wakati huo, la mtaa wa Le Peletier, lilikuwa na taa za gesi, ambazo mwanga wake uliweza kuongezwa na kupunguzwa. Melimeli mbele ya mwanga wa aina ile haionekani kuwa nguo, inaonekana kuwa ukungu. Watu walipagawa. Inasimuliwa kwamba huko St Petersburg, mwaka 1842, mashabiki wake walinunua viatu vyake vya kuchezea, wakavipika na kuvila na mchuzi. Kama ni kweli, natumaini mchuzi ulikuwa mzuri.

Lakini kila fundi atakwambia kinachofanya melimeli ielee ndicho kinachoifanya iwake. Uzi mwembamba, mfumo wenye matundu, na hewa imejaa kati ya tabaka na tabaka. Moto hauhitaji zaidi ya hapo. Mwaka 1844, katika ukumbi wa Drury Lane jijini London, sketi ya Clara Webster ilishika moto wa taa jukwaani, watazamaji wakiona. Alifariki siku chache baadaye. Mwaka 1861 huko Philadelphia moto ulianzia chumba cha kuvalia, ukawaua wachezaji kadhaa, wakiwemo akina dada wa familia ya Gale waliokimbilia kusaidiana. Moto wa Philadelphia ulikuja baada ya barua ya Livry, lakini kifo cha Clara kilishatangulia, kwa hiyo alipoiandika hatari ilikuwa inajulikana.

Taglioni mwenyewe, akiwa mtu mzima sasa, ndiye aliyemfundisha Livry na kumtungia baleti ya Le Papillon mwaka 1860, muziki wa Offenbach. Hadithi yake inamhusu msichana aliyegeuzwa kipepeo, anayevutwa na mwali wa mwenge hadi mabawa yake yanaungua. Ningekuwa mtunzi wa riwaya nisingethubutu kuliweka hilo, wasomaji wangenicheka.

Tarehe 15 Novemba 1862 palikuwa na mazoezi ya opera La Muette de Portici, ambamo Livry alicheza msichana bubu. Akisubiri zamu yake, alizitikisa sketi zake karibu mno na taa ya gesi. Alikimbia jukwaani akiwa anawaka, mpaka mzimamoto mmoja akamdaka na blanketi. Aliishi miezi minane mingine ya mateso, akafariki Julai 1863, akiwa na miaka 20. Inasemekana hata akiwa kitandani alipoulizwa kuhusu nguo zile zenye dawa, alijibu kwamba ndiyo, zina hatari ndogo, lakini akirudi jukwaani hatazivaa kamwe, kwa sababu ni mbaya mno.

Wengi wanaosimulia habari hii hutikisa kichwa: urembo umemponza. Mimi siafiki. Waliokaa vitini walilipa kuona ukungu. Wanaume matajiri wenye tiketi za msimu waliruhusiwa hadi nyuma ya jukwaa, wakiwapima wasichana kwa macho, na wengi wa wasichana hao walitoka familia maskini. Katika mazingira hayo, sketi ni chombo cha kazi. Binti anayeonekana mzito leo, kesho nafasi yake ina mwingine. Amri ilimtaka mchezaji abadili nguo, huku taa zikibaki palepale na watazamaji wakidai kilekile. Mabaki ya vazi lake lililoungua yamehifadhiwa katika makumbusho ya Opera ya Paris. Nimeona picha yake, vipande vilivyokunjamana, na sitamani kuiona tena.

Nikitaka kuusahau moto huwa nahamia kwa Diaghilev na kundi lake la baleti la Warusi, waliofika Paris mwaka 1909. Wakati huo umeme ulishaingia kwenye kumbi kubwa, na mchoraji Léon Bakst akaruhusu rangi zigombane: machungwa na zambarau, kijani na buluu, dhahabu juu yake. Vazi ninalolipenda ni la Nijinsky, mchezaji nyota wa kundi hilo, katika baleti ya Le Spectre de la rose, 1911: nguo ya kubana mwili iliyoshonewa petali za waridi za hariri. Petali zililegea kwa jasho na miruko, na mama wa chumba cha mavazi alilazimika kuzirudisha umbo kwa pasi baada ya kila onyesho. Nyingine zilitoweka kabisa. Wanasema mtumishi wa Nijinsky, Vasili, alikuwa akizichomoa na kuwauzia mabibi wa Paris, hadi akapata pesa za kujenga nyumba. La nyumba sina hakika nalo, ila petali naamini alichomoa, na namhurumia yule mama aliyekuwa akishona mpya kila mara bila kujua kwa nini haziishi kupungua.